Sumaku Iliyopitia kwa Mhunzi

Kisaka,
14 Julai 2024

Mdogo wangu Ghati,

Umefika salama? Tangu gari lako liondoke hatujasikia neno. Simu ya matroni wenu nimepiga Jumapili mbili, nikasikia wasichana arobaini wakiigombania, nikakata. Ndiyo maana naandika. Barua ataileta Hamim, yule muuza mitumba anayezunguka minadani kutoka Mugumu hadi huko kwenu.

Hapa wazima. Mama mguu wa kushoto umevimba tena, na ukimwambia akae anakuuliza kama mihogo itajimenya yenyewe. Baba mdogo Nyamhanga anakusalimu. Mtama tumevuna, si haba. Paka wako kazaa ndani ya kikapu cha mbegu na hataki kuhama.

Sasa nieleze shida. Ng'ombe mwekundu, yule pekee wa maziwa aliyebaki katika wale wa baba, anaumwa. Ana mimba kubwa, nawe unajua maziwa yake ndiyo yanayoiendesha nyumba. Wiki ya pili sasa hali vizuri. Amepinda mgongo, na akiteremka kwenda mtoni anaguna kama mzee. Bwana mifugo alikuja, akamfinya mgongoni, akasikiliza kifua, akaniuliza, "Hapa karibuni mmejenga nini kwa waya?" Nikakumbuka uzio wa baba mdogo. Vipande vilianguka kwenye majani, na ng'ombe si mbuzi, yeye hachambui, anavuta kwa ulimi na kumeza. Kamchoma sindano, akaniambia nimsimamishe miguu ya mbele juu, ya nyuma chini, ili waya usisogee kwenye moyo. Nimemjengea kichuguu cha udongo zizini. Ila akasema dawa yenyewe ni sumaku: unammezesha, inakaa tumboni maisha yake yote ikishika vyuma visitembee. Yeye kaishiwa, na Mugumu nimezunguka sikupata. Je, maabara yenu hawana hata iliyotupwa?

Lile swali ulilonibana nalo likizo, la kituo cha Mugumu wanakosoma watu waliokatisha masomo, naomba uliache. Siku tuliyomzika baba nilisimama mbele ya wazee nikasema nitabaki na zizi. Mimi nimetahiriwa, siwezi kusema leo nikakana kesho. Tena shule nimeshaisahau kabisa. Wewe soma.

Kaka yako,
Heche

Nyanungu,
24 Julai 2024

Kaka Heche, shikamoo.

Hamim yuko getini, pikipiki inaunguruma, anasema nikizidisha dakika tano ananiacha. Mimi mzima. Mpe mama pole.

Nimempata! Yaani nimeipata! Mwalimu Revocatus wa fizikia nilimweleza kuhusu ng'ombe mpaka akaacha chai yake. Kanipa sumaku moja ya zamani, mche wa chuma cha pua, rangi imebanduka, wanafunzi walishaacha kuitumia. Nimeifunga kwenye soksi yangu. Maelezo yanafuata, usimmezeshe kabla hujayasoma. Hamim anapiga honi.

Kuhusu lile swali, sijaliacha.

Ghati

Nyanungu,
8 Agosti 2024

Kaka Heche, shikamoo tena.

Leo nina nafasi, nimekaa nyuma ya bweni na rafiki yangu Elieth anasuka nywele za mtu. Nimewakumbuka hadi nanusa moshi wa jikoni kwetu wakati hapa wanapika kwa gesi. Mama anafunga mguu kwa nini? Asifunge kwa kamba, afunge kwa kitambaa.

Nataka kukuambia jambo ambalo sikukuambia. Likizo nilipoondoka nilibeba daftari lako la fizikia la kidato cha pili. Usikasirike. Ukurasa wa mwisho umeandika "Sumaku", ukapiga mstari kwa rula, na chini yake hakuna kitu. Tarehe ni ya juma lile baba alipozidiwa. Hiyo ndiyo mada tunayosoma sasa hivi, kaka, na kila mwalimu akiandika ubaoni naona ule ukurasa wako mtupu. Basi nakuandikia kilichotakiwa kuwa pale chini, na usiniambie umesahau shule, maana ulikuwa ukinifundisha hesabu kwa punje za mahindi na hukuwahi kukosea.

Sumaku inavuta chuma na vitu vyenye asili ya chuma, kama misumari, waya wa uzio, sindano na nyembe. Sufuria yetu haiivuti, maana ni aluminiamu. Waya wa shaba wa umeme wala haugusi. Mti, mfupa, ngozi na nyama inavipita tu kana kwamba havipo, ndiyo maana inafanya kazi ikiwa ndani ya tumbo. Nguvu yake iko kwenye ncha mbili. Ukiimwagia unga wa chuma, unga unarundikana nchani, katikati panabaki peupe. Ukiifunga uzi katikati ukaining'iniza mbali na vyuma, inazunguka, inazunguka, kisha inatulia, ncha moja imetazama kaskazini na nyingine kusini. Uifukuze mara mia, itarudi palepale. Ukileta sumaku mbili, kaskazini na kusini zinakumbatiana, lakini kaskazini kwa kaskazini zinasukumana, unahisi kabisa mkononi kama kuna mtu anakataa. Nilicheka peke yangu darasani.

Na hili ndilo muhimu kuliko yote, soma mara mbili: sumaku haitaki moto. Haitaki kupigwa nyundo wala kuangushwa angushwa. Ukiipasha hadi iwe nyekundu inapoteza nguvu yote. Kama pembe zake ni kali, zisugue polepole kwenye jiwe la kunolea, basi.

Niambie ng'ombe anaendeleaje. Niambie na wewe unaendeleaje, maana kwenye barua yako umeandika habari za paka kuliko za kwako.

Ghati

Nyanungu,
2 Septemba 2024

Kaka Heche, shikamoo.

Mama hajambo? Ng'ombe yu hai? Wiki ya sita hii hujaandika hata mstari.

Leo Hamim kaja na nimemgombeza mbele ya mlinzi. Kumbe barua yangu ya tarehe nane ililala kwenye furushi la jinzi! Alikuwa Musoma kumuuguza dada yake Mwanne, namwonea huruma, lakini kaka, anasema amekupa juma lililopita tu. Sumaku alikupa mwezi wa saba. Nimehesabu siku hizo kwa vidole. Umeifanya nini ile sumaku?

Nijibu hata kama ni mbaya. Ukinyamaza mimi ndiyo nasikia vibaya zaidi.

Ghati

Kisaka,
6 Septemba 2024

Ghati,

Nilinyamaza kwa aibu. Basi, nimesema.

Kitu ulichotuma kilikuwa na pembe nne kali. Nikasema hiki kitamchana koo. Ningefanyaje? Sisi tangu tuzaliwe, jembe, panga, mkuki wa babu, kila chuma kinarekebishwa motoni. Sikufikiri mara mbili, nikakipeleka Mugumu kwa mhunzi, Mzee Ramadhan, mtu mwenye mkono safi kuliko wote. Akakitia makaa hadi kikawa chekundu, akakiweka kwenye fuawe, akakigonga kwa upole kabisa hadi kikawa mviringo, kinene kama kidole gumba. Akakilaza kwenye majivu kipoe. Kilitoka kizuri, Ghati. Nilikuwa nakitoa mfukoni njiani nakiangalia.

Nyumbani nikakiwekea msumari. Kimya. Nikadhani hakijapoa vizuri, nikakiacha siku mbili. Cheka tu, najua utacheka. Baada ya siku mbili nikajaribu sindano ya mama, ikaanguka chini. Nikakificha chini ya godoro, na mama akiuliza namwambia bado siku yake. Halafu juma lililopita Hamim ananiletea barua inayosema sumaku haitaki moto. Nilikaa kwenye kichuguu cha ng'ombe nikaisoma mara tatu.

Ng'ombe yu hai. Amekonda, mbavu unazihesabu. Bwana mifugo kasema sindano zinamshikilia tu, na waya ukifika kwenye moyo atalala chini mara moja, yeye na ndama wake. Mama hajui kama nimeharibu. Baba mdogo naye kaanza kuzungumzia kumchinja angali na nyama.

Daftari langu umelichukua bila ruhusa. Lakini ule ukurasa, sawa, ujaze.

Heche

Nyanungu,
13 Septemba 2024

Kaka yangu, shikamoo.

Nilicheka, ndiyo. Ulipoandika hakijapoa vizuri nilicheka mpaka Elieth akaninyang'anya karatasi. Halafu nililia, kwa sababu nilikuona umekaa peke yako na kile chuma mkononi. Kosa ni langu. Onyo lilitakiwa kwenda pamoja na sumaku, hata kama Hamim angevunja honi yake.

Nilimpelekea Mwalimu Revocatus. Hakucheka. Kasema mwambie kaka yako haijafa, imevurugika. Ndani ya chuma kuna vijisumaku vidogo visivyoonekana. Vikijipanga vyote kuelekea upande mmoja, kama sisi asubuhi mstarini, nguvu inajumlishwa. Moto na nyundo vimevitawanya, kila kimoja kinatazama kwake. Kazi ni kuvirudisha mstarini.

Fanya hivi. Kwanza irudi kwa Mzee Ramadhan, aitie moto tena, na safari hii ikiwa nyekundu aitumbukize kwenye maji hapohapo. Majivu yaliilainisha, maji yataikaza, na chuma kigumu ndicho kinachotunza nguvu. Asiigonge tena! Kisha tafuta sumaku yenye nguvu. Ilaze ile yetu mezani, anza ncha moja, buruta ile yenye nguvu juu yake hadi ncha ya pili, inua mkono juu, zungusha hewani, rudi ulipoanzia. Siku zote upande mmoja. Ukisugua kwenda na kurudi kama unanoa panga, unavivuruga upya. Mara mia, mia mbili, usichoke.

Sumaku yenye nguvu ipo nyumbani. Iko nyuma ya spika ya redio ya baba. Najua. Hakuna aliyeigusa tangu afariki. Mwombe mama, usiifungue kwa siri.

Halafu nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza andika yote kwenye karatasi safi, kwa Kiingereza, kama tunavyoandika maabara: lengo, vifaa, hatua, matokeo. Jina lako juu. Usiniulize kwa nini.

Ghati

Kisaka,
9 Oktoba 2024

Ghati mdogo wangu,

Ndama jike! Kazaliwa tarehe tatu asubuhi, mwekundu mtupu na doa jeupe kwenye paji. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta.

Sasa kwa utaratibu. Nilimwambia mama ukweli wote. Aliingia ndani, akatoka na redio. Mimi nilishindwa kuigusa. Aliifungua yeye mwenyewe, skrubu moja moja kwa ncha ya kisu, akaning'olea spika, na ganda lake akalifuta vumbi akalirudisha kabatini. "Baba yako angekwisha kuifungua siku nyingi," ndivyo alivyosema, tena bila kulia. Mzee Ramadhan aliitia moto, akaitumbukiza majini, na akakataa kuamini kwamba alikuwa ameiharibu, mpaka leo anabisha. Nikasugua. Mama akahesabu kwa Kikurya hadi mia tatu, na nilipotaka kupumzika akasema mkono wangu ni wa shuleni, haufai. Tukaweka msumari. Ukaruka, Ghati! Ukaruka wenyewe. Tukaongeza wa pili chini ya wa kwanza, wa tatu, hadi saba inaning'inia. Mama alipiga kigelegele majirani wakadhani kuna posa.

Kummezesha kulihitaji watu watatu, baba mdogo kashika pembe. Niliisukuma nyuma ya ulimi, nikamwagia maji, akameza. Lakini nitajuaje kama ipo mahali pake, haikupita? Nikafikiri siku nzima malishoni. Nikachukua sindano, nikaisugua kwa ile ya spika, nikaifunga uzi. Mbali na ng'ombe inatazama kaskazini. Nikaisogeza ubavuni mwake, kushoto, nyuma ya kiwiko, ikageuka ikaelekea tumboni! Nikaondoka, ikarudi kaskazini. Nilifanya mara kumi. Siku ya tano ng'ombe akaanza kula. Sasa anashuka mtoni bila kuguna.

Karatasi uliyoomba hiyo hapo. Nimeiandika kukuridhisha tu, shule nimeshasahau. Ila niulizie kwa mwalimu: nikiikata katikati, je, nusu moja itakuwa kaskazini tupu? Na huko kaskazini kuna nini kinachoivuta sindano yangu hadi huku Kisaka? Na kwa nini msumari wa pili ulishikwa na wa kwanza wakati wa kwanza si sumaku? Usisahau hata moja.

Heche

Nyanungu,
22 Oktoba 2024

Kaka Heche, shikamoo.

Nambusu ndama. Nina habari, na sijui utanipiga au utafanya nini.

Mwalimu alikuwa ametupa kazi, kila mtu aandike jaribio moja la sumaku alilolifanya mwenyewe. Siku ya kukusanya niliichomeka karatasi yako katikati ya zetu.

Jana karudisha. Anaita jina, mtu anasimama, anachukua. Mimi nikapata kumi na tatu kati ya ishirini. Akafika kwenye moja akaishika muda, akasema hii nitaisoma yote. Akasoma, kaka. Sindano, uzi, ubavu wa kushoto, mara kumi. Kiingereza chako kina makosa kumi na moja, kayapigia mstari yote. Lakini darasa zima waligeuka kumsikiliza, hata wale wa nyuma. Akasema kumi na nane kati ya ishirini, hakuna mwingine aliyepata hivyo. Akaita, "Heche! Simama tukuone."

Hakusimama mtu. Akaita tena, akafungua daftari la mahudhurio, akatafuta jina lako kwa kidole kutoka juu hadi chini. Watu wakaanza kugeukageuka. Nikasimama mimi. Nilitaka kusema ni kaka yangu, anachunga Kisaka. Nililia mbele ya watu hamsini na sita.

Baadaye nilimweleza mwalimu, maana alidhani mwenzangu darasani ndiye aliyeandika habari za ng'ombe wetu, naye kajibu maswali yako nyuma ya karatasi: ukiikata unapata sumaku mbili kamili, kila moja na kaskazini na kusini yake, na dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na msumari ukishikwa unakuwa sumaku kwa muda. Chini kaandika kwa wino mwekundu, isome mwenyewe.

Kaka, mimi niko kwenye hili dawati kwa sababu wewe ulibaki. Kila siku nalikalia nikijua hivyo na nimechoka kujifanya sijui. Usiniandikie tena kwamba umesahau. Sema ukweli mara moja tu, hata kama hautabadilisha kitu.

Ghati

Kisaka,
4 Novemba 2024

Ghati,

Sitakupiga. Mama mguu umepungua, ndama anaruka ovyo, paka kahama.

Wino mwekundu nimeusoma. "Kichwa hiki kinafanya nini nje ya darasa?" Niliusoma kwa sauti bila kukusudia na mama alikuwa mlangoni.

Basi ukweli ndio huu. Sijasahau. Kila asubuhi watoto wa sekondari wakipita na sweta zao mimi nageuza ng'ombe wapite njia ya chini nisikutane nao. Nataka kurudi shule. Naitaka mpaka naona uchungu kifuani. Sikukuambia kwa sababu ungeacha yako uje ushike fimbo, nakujua.

Jumamosi nilikwenda kwa baba mdogo. Nilijiandaa njia nzima kama mtu anayekwenda kushtakiwa. Nikamwambia, "Baba mdogo, lile neno nililolisema siku ya mazishi, nataka kulirudisha. Nataka kurudi shule." Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe. Nikadhani ananifukuza.

Akasema, "Mura, kijana wangu, miaka miwili nangoja useme hivyo. Ulisimama mbele ya wazee kama mwanaume, nani angekuambia neno lako si lako? Lilikuwa lako kulirudisha. Hawa ng'ombe walikuwa wa kaka yangu, ningeshindwa kuwatazama? Mimi nilidhani unawapenda." Mama naye alidhani hivyohivyo. Walikuwa wanakaa jioni wanasema Heche hataki vitabu, tumwache.

Nililia, Ghati, pale mbele ya mke wa baba mdogo, mwanaume mzima wa miaka kumi na tisa. Miaka miwili, na hakuna aliyenikataza.

Mwezi wa kwanza naanza pale kituoni Mugumu. Asubuhi nitakamua, baba mdogo atachunga. Nitakaa na watu wasionijua, nikianza pale nilipoachia. Ukija likizo niletee madaftari yako yote ya kidato cha kwanza na cha pili, hata yaliyochanika, hata yenye makosa. Nayataka yote.

Kaka yako,
Heche